Mama Gurudumu na Mpango wa Miaka Mitano

Chuoni kote walimwita Mama Gurudumu, kuanzia mkuu wa chuo hadi wauza vocha wa getini, na hata yeye akikupigia simu alijitambulisha hivyo hivyo. Kazi yake katika Taasisi ya Utafiti wa Miji ilikuwa kutembea. Alikuwa na fimbo ya chuma yenye gurudumu chini na kidude cha kuhesabia karibu na mpini. Gurudumu likimaliza mzunguko mmoja, ambao ni mita moja kamili, kidude kilisema tik. Kwa miaka ishirini na tatu alikuwa amelisukuma kwenye barabara, vichochoro, madaraja ya mbao na korido za ofisi za serikali, na ukimuuliza umbali wa kutoka sokoni hadi mahakamani hakukuambia "karibu" wala "mbali kidogo". Alikutajia namba.

Hakuanza na gurudumu. Aliingia Taasisi kama mhudumu wa usafi, na huenda angestaafu na ufagio wake kama mpimaji wa wakati ule asingeumwa jino. Siku hiyo mtafiti mmoja alimkuta anapiga deki, akamwomba amshikie ncha ya futikamba kwa nusu saa tu. Ilipofika mchana alikuwa ameshamsahihisha mara mbili.

"Mama, umejuaje kwamba nimekosea?"

"Nimesoma namba, mwanangu. Wewe ulikuwa unasoma simu."

Wiki iliyofuata mtafiti akamwomba tena. Mwezi wa tatu akapewa gurudumu, kofia pana na daftari, na ufagio ukapata mwenyewe mwingine.

Mumewe alikuwa fundi cherehani, na hata hao wawili walikutanishwa na vipimo. Mama Gurudumu alikwenda kwake kushonesha sketi, fundi akasema urefu ni sentimita sitini na nane, yeye akasema sabini. Wakapima mara tatu. Ilikuwa sitini na tisa. Hakuna aliyekubali kushindwa, kwa hiyo ilibidi arudi kesho yake wapime upya, na keshokutwa pia, na mwezi wa nne wakafunga ndoa. Waliishi katika vyumba viwili, cherehani ikiwa chumba cha mbele karibu na dirisha, na pamoja nao aliishi wifi yake, dada mdogo wa Fundi, muuguzi katika zahanati iliyotazamana na chuo, ng'ambo ya barabara. Wifi huyo alikuwa na ulimi mwepesi na kicheko cha kusikika nyumba ya tatu.

Sasa, mwaka ule Taasisi ilikuwa inaandaa Mpango Mkakati wa miaka mitano wa kukabiliana na matatizo ya mji. Ilichukua miezi minane. Palikuwa na warsha tatu, kamati mbili na kamati ndogo ya kusuluhisha kamati mbili. Kikao kimoja kizima, saa tatu na nusu, kilikwisha kwa kubishania kama Taasisi "itatatua" changamoto za mji au "itachangia katika utatuzi" wa changamoto hizo. Mama Gurudumu alihudhuria vyote. Alikaa kwenye kiti cha mwisho karibu na mlango, kwa sababu Mkurugenzi alitaka mtu wa takwimu awe karibu, na katika miezi minane aliulizwa takwimu mara moja. Waliuliza meza ya mkutano itapita mlangoni au haitapita.

Mkurugenzi mwenyewe hakuwa mtu mbaya hata kidogo. Alikuwa profesa, mwanamke mrefu aliyesema haraka, mwenye kuipenda kazi yake mpaka akasahau kula. Ila alikuwa na udhaifu mmoja ambao Taasisi nzima iliujua: bila picha zake za ukutani, zile za kubonyeza moja baada ya nyingine, hakuweza kusema mbele ya watu. Zikiwepo alikuwa moto wa kuotea mbali. Zisipokuwepo ulimi uligeuka jiwe.

Rasimu ilipokamilika ilikuwa na kurasa tisini na saba na nguzo sita. Mama Gurudumu alipewa nakala, akaenda nayo nyumbani, akawasomea wenzake jioni Fundi akishona na wifi akikunja sare zake.

"Nguzo ya pili," akasoma. "Kuimarisha mifumo jumuishi ya uhamaji stahimilivu."

Mguu wa Fundi ukasimama juu ya kanyagio. "Nani anahama?"

"Hakuna anayehama. Wanamaanisha kutembea."

"Sasa si waseme kutembea?"

"Wakisema kutembea, mpango utakuwa na kurasa tano."

"Mimi nina swali moja tu," wifi akadakia. "Hiyo nguzo ya pili inapita karibu na zahanati yangu? Maana wagonjwa wa nyuma ya chuo wananifikia wakiwa wagonjwa kuliko walivyotoka kwao."

Walicheka mpaka Fundi akashona mfuko wa suruali ukafungika. Lakini Mama Gurudumu alijua kwamba jibu la swali la wifi lilikuwemo humo humo kwenye kitabu. Lilikuwa ukurasa wa tisini na moja, Kiambatisho cha Nne, jedwali lake mwenyewe la njia sitini na nne alizozipima kwa miguu. Mstari wa thelathini na saba ulisema: kutoka ukumbi wa chuo hadi zahanati, kwa mstari ulionyooka, mita 130, kwa mtu anayetembea, mita 1,140. Tatizo ni kwamba hakuna aliyewahi kufika ukurasa wa tisini na moja.

Siku ya uzinduzi aliamka na furaha ya mtoto wa sikukuu. Fundi alikuwa amemshonea gauni la buluu iliyokolea lenye mifuko miwili, mmoja wa daftari na mmoja wa kalamu. Saa nne asubuhi ukumbi ulijaa wageni kama sitini hivi: Meya, mwenyekiti wa Baraza la Chuo, watu wa wizarani, wahandisi, wahadhiri, na akina mama wachache waliotoka nyuma ya chuo kuwakilisha wananchi. Mwenyekiti alikuwa mzee mkavu, mnyoofu kama rula, hakimu mstaafu, na watu walipunguza sauti akipita.

Mkurugenzi akaanza, na alianza vizuri. Picha ya kwanza, jina la mpango. Picha ya pili, shukrani. Picha ya tatu, neno DIRA kwa herufi kubwa za kijani. Hapo umeme ukakatika.

Nje jenereta likaunguruma mara mbili, likakohoa kama mzee wa sigara, likanyamaza. Mkurugenzi akakibonyeza kile kidude chake cha kubadilishia picha. Akakibonyeza tena, kana kwamba umeme ulikuwa umejificha ndani yake. Kisha macho yake yakazunguka ukumbi mzima yakatua kwenye kiti cha mwisho karibu na mlango. Akatembea mpaka pale, akainama.

"Mama Gurudumu," akanong'ona. "Waambie kitu. Dakika kumi tu. Kile kiambatisho chako."

"Mimi? Mbele ya Meya?"

"Nakuomba, mama. Nitakufa hapa hapa nimesimama."

Akapiga moyo konde, akainuka, akachukua gurudumu lake ukutani kwa sababu bila hilo hakujua mikono aiweke wapi, akaenda mbele. Hakuwa na hotuba. Basi akafanya alichofanya kila siku nyumbani akitaka kumchokoza mumewe: akauliza.

"Waheshimiwa, shikamooni. Naomba kila mmoja akisie. Kutoka hapa nilipo mpaka mlango wa zahanati, ile pale ng'ambo, ni mita ngapi?"

Watu wakafurahi kupata cha kufanya. Wengine wakaenda dirishani kuchungulia, na kweli bati jekundu la zahanati lilionekana juu ya ukuta wa chuo.

"Mia tatu," akasema Meya. "Mimi nimezaliwa mji huu, mama. Hunidanganyi."

"Mia moja na hamsini," akasema mwenyekiti wa Baraza. "Tena nikitembea polepole."

Wengine wakasema mia, mia mbili. Mhandisi mmoja akatoa simu, akasema mia thelathini na kujifuta jasho kama aliyemaliza mtihani.

"Ni elfu moja mia moja na arobaini," akasema Mama Gurudumu.

Kicheko kikapasuka ukumbi mzima. Akina mama wa nyuma ya chuo peke yao hawakucheka. Walitikisa vichwa kukubali.

"Kupitia wapi?" akauliza mwenyekiti. "Mwezini?"

"Kupitia geti kuu, mzee."

"Na geti dogo la upande huu?"

"Limefungwa, mzee. Huu mwaka wa kumi na moja."

Meya akasimama. Alikuwa mtu mnene, mchangamfu, aliyependa ubishi kuliko chakula. "Haya, tupime," akasema. "Hapa ndani joto, umeme hakuna. Nikishindwa nitakiri mbele yenu wote."

Na hivyo ndivyo uzinduzi wa Mpango Mkakati ulivyotoka nje kwa miguu. Mama Gurudumu alirudisha kihesabio kwenye sifuri pale pale jukwaani, akaanza kusukuma, na wageni sitini wakamfuata wakishuka ngazi kwa suti na viatu vya kung'aa. Walipofika bustanini Meya akaomba gurudumu asukume yeye.

"Usilikimbize, Mstahiki, linaruka namba."

"Nalikimbiza?"

"Unalikimbiza. Tembea kama unaenda kwa mkweo."

Meya akapunguza mwendo, akashika mpini kwa vidole viwili, na watu wakaanza kuhesabu kwa sauti kila ilipofika mia. Mia moja. Mia mbili. Wanafunzi wakatoka madarasani kutazama. Mia tatu walikuwa bado wanazunguka maktaba, na Meya alipopita namba aliyokisia akasimama, akaitazama, akasema, "Mia tatu si nyingi kumbe," akaendelea. Kwenye mita mia tano na thelathini wakafika geti kuu. Mkurugenzi alikuwa ameshavua viatu na kuvishika mkononi.

Kisha wakavuka barabara, wakakata kona, wakaanza kurudi kwa upande wa pili, wakiutazama ukuta ule ule waliotoka ndani yake. Hapo hapakuwa na njia ya miguu, palikuwa na mtaro wenye vifuniko vya zege, na kila baada ya kifuniko cha tatu kimoja hakikuwepo. Mtu wa wizarani aliruka tundu la kwanza kwa heshima, la pili kwa kuinua suruali, na kufikia la tano alikuwa anaruka kama mtoto anayecheza, akiwageukia wenzake kuwaonyesha namna. Mhandisi wa simu aliingiza mguu mmoja. Alitoka na soksi bila kiatu, na badala ya kukasirika alikaa juu ya kifuniko akacheka mpaka machozi yakamtoka, akaambukiza nusu ya msafara. Muuza matunda akauliza hii ni harusi au maandamano.

"Ni utafiti," akajibiwa na watu kumi kwa pamoja.

Mama mmoja wa nyuma ya chuo, mwenye mtoto mgongoni, alikuwa anatembea sambamba na mwenyekiti wa Baraza.

"Unapita hapa mara ngapi?" mwenyekiti akamuuliza.

"Akiumwa, kila siku, baba. Siku za mvua naazima mtu wa kunivusha."

Baada ya hatua kadhaa mwenyekiti alinyoosha mikono, akamwomba ampokee mtoto, na yule hakimu mstaafu ambaye watu walimwogopa akafika zahanati na mtoto begani, mtoto akimvuta sikio.

Gurudumu liligusa kizingiti cha zahanati, Meya akainama kusoma. Elfu moja mia moja na thelathini na tisa. Akalisukuma ndani mpaka meza ya mapokezi. Tik.

Wifi alikuwa amesimama nyuma ya meza hiyo na kalamu mkononi, akitazama suti zilizolowa jasho, mguu usio na kiatu na profesa peku.

"Wifi," akasema, "wagonjwa wote hawa umenitolea wapi?"

"Si wagonjwa, ni Mpango Mkakati."

"Basi wapange foleni."

Meya akakiri mbele ya wote, kama alivyoahidi. Ilikuwa wakati wa kugeuka kutoka nje ndipo walipoona jambo lenyewe. Mbele ya mlango wa zahanati palikuwa na kivuko cha waenda kwa miguu, mistari myeupe, rangi mbichi kabisa, kilichovuka barabara kikanyooka moja kwa moja hadi kwenye geti dogo la chuo. Na geti dogo lilikuwa na kufuli la ukubwa wa ngumi, lenye kutu.

"Hiki kivuko ninakisainia kila mwaka," Meya akasema taratibu. "Kila mwaka tunakipaka rangi."

"Na sisi tulifunga geti kwa sababu hapakuwa na kivuko," akasema mwenyekiti. "Ilikuwa kwa muda tu. Mpaka mjenge."

"Tulijenga miezi sita baadaye."

"Mbona hamkutuandikia?"

"Mbona ninyi hamkuchungulia?"

Mkuu wa walinzi akaitwa, akaja mbio, akapiga saluti.

"Nani aliyetoa amri hili geti lifungwe?" akauliza mwenyekiti.

"Mzee, barua ni yako. Ipo ofisini kwangu ukutani, nimeiwekea kioo."

Hapo hakuna aliyeweza kujizuia. Mwenyekiti mwenyewe alianza kwa kukohoa, mabega yakatikisika, halafu kikatoka kicheko ambacho Baraza la Chuo halikuwahi kukisikia, chembamba kama filimbi, na watu wakashikiliana wasianguke.

Ufunguo ulikuwa umepotea zamani. Kifaa cha umeme cha kukatia vyuma kisingefanya kazi kwa kuwa umeme haukuwepo. Fundi baiskeli wa kona akaleta msumeno wa mkono, na kwa kuwa kufuli lilikuwa nene wakapokezana. Meya alikata kidogo akachoka. Mkurugenzi alikata kwa hasira, kama mtu anayelipiza miezi minane ya vikao. Mtu wa wizarani aliomba zamu ya pili. Wapita njia wakasimama, madereva wakapunguza mwendo, akina mama wakaanza kuhesabu mikato, na wifi akasimama kando na bandeji endapo profesa yeyote angejikata. Mwenyekiti alidai zamu ya mwisho iwe yake. Kufuli likadondoka, geti likalia kama ng'ombe, likafunguka.

Mama Gurudumu akarudi mpaka meza ya mapokezi, akarudisha kihesabio kwenye sifuri na kuanza kusukuma. Kivukoni alikuwa anatembea. Getini hatua zikawa ndefu. Kwenye nyasi za chuo, akiwa na miaka hamsini na sita na gauni jipya, alijikuta anakimbia. Gurudumu lilirukaruka mbele yake na kidude kikapiga tik tik tik bila kupumzika, naye akijua fika kwamba linaruka namba na itabidi apime tena. Nyuma yake alisikia watu wanakimbia pia. Alipanda ngazi za ukumbi akihema na kucheka, kifua kikiwa chepesi kama kimefunguliwa dirisha.

Umeme ulikuwa umerudi. Neno DIRA lilikuwa linang'aa ukutani juu ya viti vitupu. Mkurugenzi aliingia peku, akalitazama kidogo, akalizima.

Mama Gurudumu alipima tena kwa mwendo wa kawaida. Mita mia moja na arobaini na nane.

Mpango haukuzinduliwa siku hiyo. Ulirudishwa mezani wiki tatu, ukatoka na kurasa arobaini, na jedwali la njia sitini na nne likahamia ukurasa wa kwanza. Nguzo ya kwanza iliandikwa kwa maneno mawili: watu wafike. Kamati ilibisha saa mbili nzima.

"Wafike wapi?" mhadhiri mmoja akauliza.

"Hilo ndilo tutakalofanyia kazi kwa miaka mitano," akasema Mkurugenzi, na alisema bila picha hata moja.

Mama Gurudumu alipewa cheo cha Mpimaji Mkuu, akahama kutoka kiti cha karibu na mlango, ingawa vikao virefu bado vilimtia usingizi. Si kila kitu kilinyooka. Ukuta wa nyuma ya soko ulichukua mwaka na nusu ya barua kabla haujatobolewa mlango, na daraja la mstari wa hamsini bado linasubiri mpaka leo. Vifuniko vya mtaro viliwekwa, viwili vikaibwa, vikawekwa vingine. Zahanati ilipata wagonjwa wengi mno mwezi wa kwanza hata wifi akarudi nyumbani akisema Taasisi imemponza, imwazime maprofesa wawili wa kupima joto.

Kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi Taasisi ilipanga kupima njia moja pamoja na mtu mwenye mamlaka juu yake. Ile ya kwanza ilikuwa kutoka shule ya msingi hadi kituo cha basi. Mwenyekiti wa Baraza hakuwa amealikwa, kwa kuwa njia haikumhusu, lakini alifika kabla ya wote, amevaa raba mpya nyeupe na kofia, akaomba gurudumu.

"Mzee, leo si zamu yako."

"Najua. Nimekuja mapema ndiyo nipate."

Alimwachia. Walifika mwisho saa tano kasoro, mita mia sita na themanini na mbili, mzee akiwa ametota jasho na anang'ang'ania mpini. Mama mmoja aliyekuwa anafua nje ya nyumba yake aliwatazama muda mrefu, akapangusa povu mikononi, akauliza kama wanaweza kuja Jumanne kupima na njia yake ya kwenda bombani. Mama Gurudumu akatoa daftari mfukoni, akaandika mstari wa sitini na tano.